Fomu yangu imeandikwa "miomektomi ± TAH": je, nakwenda kutolewa kizazi?

"Daktari, nina umri wa miaka 34, naishi Mbagala na nina mtoto mmoja wa miaka sita. Kwa miaka miwili hedhi yangu imekuwa nyingi mno, yenye mabonge, na mwezi uliopita nilianguka nikiwa kazini. Majibu ya altrasaundi yanasema nina leiomioma kadhaa na kwamba mfuko wa uzazi una ukubwa wa wiki 16. Mama mkwe alipoziona hizo wiki alidhani nina mimba ninayoificha. Damu yangu ni 7.9. Nimepangiwa upasuaji, na kwenye fomu ya ridhaa wameandika 'miomektomi', kisha alama ya kujumlisha yenye kijistari chini yake, kisha herufi TAH. Muuguzi akaniambia, 'Hapo maana yake wanaweza kukutoa kizazi.' Nyumbani wananikataza kusaini. Wanasema uvimbe ukiguswa na kisu unageuka saratani, mwanamke aliyetolewa kizazi anazeeka papo hapo na hamfai tena mumewe, na hili ni chango tu, ninywe dawa za miti shamba uvimbe uyeyuke. Bado natamani mtoto mwingine. Maneno haya yana maana gani, na nisaini au nisisaini?"

Dada yangu, pole kwa damu yote uliyoipoteza kwa miaka hiyo miwili, na pole pia kwa kupewa karatasi nzito kiasi hicho pasipo mtu wa kukaa nawe akusomee. Naanza na ile alama ya kujumlisha yenye kijistari, kwa sababu naona ndiyo iliyokunyima usingizi. Sisi madaktari huisoma "pamoja na, au bila". Kilicho kushoto kwake ndicho kilichopangwa, na kilicho kulia ni kile kinachoweza kulazimika mambo yakiharibika mezani. Kwa hiyo fomu yako inasema kwamba unakwenda kutolewa uvimbe, mfuko wako wa uzazi ukibaki mahali pake, na inakuomba ruhusa mapema kwa ajili ya dharura ambayo mpasuaji hatarajii itokee, lakini ambayo ikitokea hatakuwa na nafasi ya kukuamsha kutoka kwenye nusu kaputi akuulize.

Maneno yenyewe yanatisha kwa kuwa yanakuja yameshikana, nawe ukiyakata vipande utaona hayana makuu. Mengi yametoka katika Kigiriki cha kale. "Mio" ni msuli, "oma" ni uvimbe, na "ektomi" ni kukata kitu na kukitoa nje. Hivyo miomektomi, ambayo wenzetu wengine hutamka mayomektomi, ni kukata uvimbe wa msuli na kuutoa. Ukitanguliza "leio", yaani laini, unapata leiomioma, uvimbe wa msuli laini, na huo ndio ule ule ambao mitaani tumezoea kuuita fibroidi. "Histera" ni mfuko wa uzazi, na histerektomi ni kuutoa. Sikiliza pia tofauti ndogo iliyopo kati ya "ektomi" na "tomi" peke yake, kwani silabi moja tu ndiyo inayotenganisha kiungo kilichofunguliwa na kiungo kilichoondolewa: laparotomi ni kufungua ukuta wa tumbo, ambao baadaye hushonwa na kurudi kama ulivyokuwa, ilhali apendisektomi ni kukitoa kidole tumbo kisirudi tena.

Sasa zile herufi tatu. H ni histerektomi, A inaonyesha kwamba njia ni ya tumbo, na T maana yake ni nzima. Hiyo T ndiyo inayopotosha watu wengi, wakiwemo baadhi ya wanaofanya kazi wodini, kwa sababu wanadhani "nzima" ni kila kitu cha uzazi kilichomo ndani ya mwanamke. Sivyo. Ni mfuko wa uzazi pamoja na mlango wake tu. Vifuko vya mayai havimo katika hesabu hiyo. Daktari akikusudia kutoa na mirija yote miwili na vifuko vyote viwili vya mayai, huongeza mbele yake herufi BSO. Katika maelezo yako sikuziona. Hata hivyo, chukua fomu uiangalie tena kwa macho yako, na ukizikuta, usisaini kabla hujaambiwa kwa nini zimo, kwa sababu kwa mwanamke wa miaka 34 mwenye fibroidi sioni sababu ya kuziandika.

Nasisitiza hili la kusoma kiungo kwa kiungo kwa sababu nimewahi kuona gharama yake. Miaka kadhaa iliyopita alikuja kliniki mama mmoja, amefunga karatasi yake kwenye pindo la kitenge, imekunjwa mara nyingi hata mikunjo imetoboka. Alikuwa amepasuliwa kwa dharura katika hospitali nyingine kwa mimba iliyotunga nje ya mfuko, na siku ya kuruhusiwa mtu fulani alimwambia kwa haraka kwamba "wametoa kizazi". Kwa miaka minne aliishi akijua kwamba hatazaa tena, na ndoa ikavunjika juu ya neno hilo. Nilipoikunjua ile karatasi nikakuta imeandikwa salpingektomi ya upande wa kulia. "Salpinga" ni neno la Kigiriki lenye maana ya tarumbeta, na ndivyo unavyofanana mrija wa uzazi, mwembamba upande mmoja na uliotanuka kwa upande wa pili. Gabriele Falloppio, mwanaanatomia wa Italia aliyeueleza katika kitabu chake cha mwaka 1561, aliufananisha na tarumbeta vilevile. Mama yule alikuwa ametolewa mrija mmoja. Mfuko wake ulikuwepo, mrija wa pili ulikuwepo, na hedhi yake ilikuwa ikija kila mwezi bila yeye kujiuliza inatoka wapi.

Lawama hapa nyingi ni zetu watoa huduma, maana neno kizazi tumelibebesha mizigo mingi mno. Katika Kiswahili cha kila siku kizazi ni kiungo, ni uwezo wa kuzaa, na pia ni uzao wa ukoo. Mama mkwe akisikia "wanatoa kizazi" hafikirii kiungo kinachoenea kiganjani, anafikiri ukoo wa mwanawe unakatwa. Nasi tunaongeza utata. Mwanamke aliyefungwa kizazi, mfuko wake haukuguswa kabisa, bali mirija ndiyo iliyofungwa ili yai na mbegu visikutane. Aliyesafishwa kizazi ameondolewa mabaki ya mimba iliyoharibika, na anaweza kushika mimba tena. Anayepimwa mlango wa kizazi kwa kupakwa siki nyepesi anachunguzwa dalili za awali za saratani ya sehemu ile ya shingo, ugonjwa usiohusiana na fibroidi. Basi utakapoonana na mpasuaji wako, liache neno kizazi kando na umtajie viungo vinne kwa majina yake, yaani mfuko, mlango, mirija na vifuko vya mayai, halafu kwa kila kimoja umuulize kama kinabaki au kinatoka.

Neno la pili linalowasumbua nyumbani kwenu ni uvimbe. Kiswahili kinaita uvimbe mguu uliojaa maji, jipu, fibroidi na hata saratani, kwa hiyo si ajabu hofu ya moja ikahamia kwa jingine. Kigiriki nacho hakikuwasaidia madaktari sana, kwani "oma" ile ile imo katika hematoma, ambayo ni damu iliyovilia, na katika glaukoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, na zote mbili si saratani. Saratani kwa kawaida hujitambulisha kwa majina kama kasinoma au sarkoma. Lenyewe neno saratani ni la Kiarabu na maana yake ni kaa wa baharini, jinsi Wagiriki nao walivyoufananisha ugonjwa huo na kaa, kwa kuwa hutambaza miguu yake ndani ya nyama iliyo jirani. Fibroidi haina miguu hiyo. Huanza kwa chembe hai moja ya msuli wa mfuko wa uzazi inayojigawa na kujigawa, ikilishwa na homoni za estrojeni na projesteroni, hadi kuwa donge la mviringo lenye mpaka wake. Ukilikata unaona ndani ni jeupe, gumu, lina nyuzi zilizojizungusha kama uzi wa mfumaji. Mpaka huo ndio unaoifanya miomektomi iwezekane: mpasuaji hupasua ukuta wa mfuko juu ya donge, akalimenya likatoka zima, jinsi kokwa linavyotoka katika parachichi lililoiva, kisha akashona pengo lililobaki.

Kisu hakigeuzi fibroidi kuwa saratani. Nadhani imani hii imetokana na ndugu waliomfikisha mgonjwa wa saratani hospitalini akiwa amechelewa, akapasuliwa, akafariki muda mfupi baadaye, nao wakakikumbuka kisu kuliko ile miezi iliyopita kabla yake. Lililo kweli, na sitalificha, ni kwamba mara chache sana uvimbe uliodhaniwa kuwa fibroidi huonekana maabara kuwa ni sarkoma tangu mwanzo. Wagonjwa hao hawafiki hata mmoja katika kila 100 wanaopasuliwa kwa fibroidi, nao mara nyingi ni wenye umri mkubwa kuliko wako. Fibroidi zenyewe ni jambo la kawaida mno. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulikadiria kwamba wanawake weusi zaidi ya 80 katika kila 100 huwa wamezipata wanapofikia miaka 50, wengi wao bila hata kujua.

Zile wiki 16 zilizomchanganya mama mkwe ni kipimo tu. Mfuko usio na mimba una urefu wa sentimita 8 hivi na umejificha nyuma ya mfupa wa kinena. Unapokua kwa sababu yoyote, tunaulinganisha na mimba ya umri fulani: ukifika katikati ya mfupa huo na kitovu tunasema wiki 16, ukifika kitovuni tunasema wiki 20. Mwambie mama kwa upole kwamba ni sawa na fundi anayesema kitu kina urefu wa futi tatu. Neno futi kwa Kiingereza ni mguu, lakini hakuna mguu wa mtu uliowekwa pale.

Kuhusu kuzeeka, jibu liko kwenye vifuko vya mayai. Homoni zinazoleta na kukomesha ujana wa mwili wa mwanamke hutoka huko, wala hazitoki kwenye mfuko wa uzazi. Aliyetolewa mfuko akabakishiwa vifuko vyake hapati hedhi tena na hawezi kubeba mimba, na huo ni msiba wa kweli kwa anayetamani mtoto, lakini hapatwi siku ile na joto la ghafla, jasho la usiku na ukavu wa ukomo wa hedhi, ingawa ukomo wenyewe unaweza kumjia mapema kidogo kuliko ambavyo ungemjia. Baada ya kidonda kupona, wengi huendelea na tendo la ndoa kama zamani, na waliokuwa wakitokwa damu siku kumi kila mwezi aghalabu huniambia kwamba sasa wana nafuu waliyokuwa wameisahau. Wapo pia wanaohuzunika kwa muda mrefu, na huzuni hiyo inastahili kusikilizwa.

Chango nalifahamu, nimekulia pwani na nimelisikia tangu utotoni. Tatizo langu na neno hilo ni kwamba linakusanya maumivu ya hedhi, fibroidi, maambukizi na mimba kuharibika katika jina moja, halafu likaja na dawa moja. Sijui mti wowote uliothibitishwa kuyeyusha fibroidi. Baadhi ya wanaozisifu dawa hizo walikuwa karibu na ukomo wa hedhi, wakati ambapo fibroidi husinyaa zenyewe kwa kukosa homoni. Wewe una zaidi ya miaka kumi kufika huko, na kwa damu ya 7.9 huna miezi ya kujaribu jaribu.

Hiyo 7.9 ndiyo namba ninayoiogopa kuliko herufi zote za kwenye fomu. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwanamke asiye mjamzito ana upungufu wa damu akiwa chini ya 12. Miomektomi ni upasuaji unaovuja damu, na sababu kubwa inayomlazimisha mpasuaji kuvuka kwenda upande wa kulia wa ile alama ni damu iliyokataa kusimama. Kwa hiyo kila unachofanya sasa kuipandisha damu yako ni kazi ya kuulinda mfuko wako. Uliza kama upasuaji unaweza kusogezwa wiki chache wakati unatumia madini ya chuma, ya vidonge au ya dripu. Vidonge usivimeze kwa chai, maana chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Vimeze kwa maji au juisi ya chungwa, na usishtuke choo kikiwa cheusi. Ipo pia asidi ya traneksamiki, dawa inayopunguza wingi wa hedhi katika siku zile zenyewe, na daktari akiona inakufaa atakuandikia. Mumeo na shemeji zako wanaotaka kusaidia, wapelekeni wachangie damu mapema, badala ya kukimbizana kuitafuta asubuhi ya upasuaji. Ndani ya chumba cha upasuaji zipo njia nyingine, kama dawa za kuufanya mfuko ujikaze na mpira wa kuibana mishipa ya damu kwa muda. Muulize mpasuaji wako anatumia ipi.

Je, ipo njia nyingine isiyo ya kisu? Ipo, kila moja ikiwa na dosari yake kwa mtu wa hali yako. Kitanzi chenye homoni hupunguza damu vizuri, lakini nacho huzuia mimba, na katika mfuko uliopindishwa na fibroidi hutoka kwa urahisi. Sindano zinazozima homoni kwa muda husinyaza fibroidi, ambazo hukua tena ukiacha, kwa hiyo tunazitumia zaidi kumwandaa mgonjwa kwa upasuaji. Kuziba mishipa inayolisha uvimbe, kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa damu, ni njia nzuri kwa wengi, ila kwa anayetaka kubeba mimba si chaguo la kwanza. Upasuaji wa tundu dogo huwafaa zaidi wenye fibroidi chache zisizo kubwa. Histerektomi ndiyo pekee inayohakikisha kwamba fibroidi hazitarudi, na kwa mama wa miaka 46 aliyekwisha kuzaa ningeizungumzia kwanza. Kwako nakubaliana na waliopanga miomektomi ya kufungua tumbo, mradi ujue kwamba fibroidi mpya zinaweza kuota baada ya miaka, kwamba makovu ya ndani yanaweza kushikamanisha viungo, na kwamba kwa kawaida tunashauri kusubiri kama miezi sita kabla ya kutafuta mimba ili ukuta wa mfuko ushikane.

Umeniuliza usaini au usisaini. Ungekuwa ndugu yangu wa tumbo moja ningekuambia usaini, lakini baada ya kukaa na mpasuaji mwenyewe, si kwa kuletewa kalamu kitandani. Mwambie wazi kwamba unataka kuzaa, umuulize ni katika hali gani hasa atavuka ile alama, na kama atamwita bingwa mwenzake kabla ya kufanya hivyo. Una haki ya kukataa upande wa kulia na kuomba iandikwe hivyo. Ridhaa ya mtu mzima ni yake, hata familia ikishauri vipi. Ila fahamu unachokikataa: wakati ambapo damu imeshindikana, kuutoa mfuko ndiko kunakomrudisha mama kwa mtoto wake wa miaka sita. Ukiona hakuna anayekusikiliza, omba maoni ya bingwa mwingine wa magonjwa ya wanawake, iwe Temeke iliyo karibu nawe au, kwa barua ya rufaa, Muhimbili.

Mambo machache hayasubiri miadi. Ukijaza pedi ndani ya saa moja kwa saa mbili mfululizo, ukizimia, ukikosa pumzi au moyo ukienda mbio umekaa tu, ukishindwa kukojoa, au ukipata maumivu makali ya tumbo pamoja na homa, nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku. Vivyo hivyo ukichelewa hedhi, hata siku chache: pima mimba kwanza kabla mtu yeyote hajakupeleka chumba cha upasuaji.

Ukishapasuliwa, kabla hujaondoka wodini uliza kama walifika hadi kwenye uwazi wa ndani ya mfuko wakati wa kutoa fibroidi, na jibu hilo liandikwe kwenye fomu yako ya kuruhusiwa. Rudi kuchukua majibu ya maabara ya uvimbe uliotolewa hata kama unajisikia mzima kabisa. Karatasi hizo mbili zitunze pamoja na kadi ya mtoto wako, na ukibarikiwa mimba nyingine umpe mkunga siku ya kwanza ya kliniki, kwa sababu mfuko uliokatwa kwa kina unaweza kuchanika kwa uchungu, na huenda ukahitaji kupangiwa kujifungua kwa upasuaji kabla uchungu haujaanza.